Shahada ya Uzamili na Mzee wa Kijiji

Kijana niliyemfundisha ualimu zamani aliniletea tasnifu yake ya shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba uipitie kabla sijaikabidhi." Niliisoma siku nne, kalamu nyekundu mkononi. Nilipomaliza sikuwa na kosa kubwa la kumwonyesha, ila nilibaki na swali moja.

Masharti ya shahada hii si mageni kwangu, wala sina ugomvi nayo yote. Mwombaji awe na shahada ya kwanza yenye ufaulu mzuri, asome nadharia za siasa, siasa linganishi na mbinu za utafiti, afaulu mitihani, kisha aende uwandani, aandike tasnifu chini ya msimamizi na kuitetea. Wapo wanaotaka tasnifu iondolewe ili watu wahitimu upesi. Siwaungi mkono. Mtu asiyewahi kukusanya ushahidi mwenyewe hubaki kurudia maneno ya wenzake, na siasa ina warudiaji wa kutosha.

Swali langu ni hili: kazi hii ni ya nani? Utafiti ulihusu mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Wanakijiji walihojiwa kwa Kiswahili, majibu yao yakageuzwa Kiingereza. Mzee mmoja alisema, "Tunaitwa tukaitike, si tukaseme." Katika tasnifu, maneno hayo yamekuwa ushiriki hafifu wa wananchi, tena kwa lugha asiyoisoma mzee huyo. Uchungu wake wote umemwagika njiani.

Nikamwuliza kijana, "Je, mzee wako ataisoma?" Akainamisha kichwa. "Sharti hilo halipo, Mwalimu."

Hapo ndipo penye kasoro. Tunamfundisha msomi kupima ushiriki wa wananchi, kisha tunamtunuku kwa kazi isiyowashirikisha. Yeye naye amewaita waitike tu.

Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. La hasha. Mwalimu Nyerere, aliyehitimu Edinburgh mwaka 1952, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na mchezo ule ni siasa tupu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu za somo la Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilikifanya kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Sidai Kiingereza kitupwe. Mtafiti wa Accra naye anahitaji kuisoma kazi yetu. Nadai sharti moja liongezwe: kurasa kumi za Kiswahili, zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji kile kile, na wanakijiji wapewe nafasi ya kupinga. Huo nao ni utetezi wa tasnifu, na huenda ukawa mgumu kuliko ule wa maprofesa.

Nami sijitoi lawamani. Miaka mingi nilisahihisha ripoti za wanachuo kuhusu vijiji vya jirani, kisha nikazifungia kabatini.

Kijana amekwisha kuhitimu, nami nilimpongeza kwa dhati. Lakini ile safari ya kurudi kijijini bado namdai.