Ni Nani Anayesema? Alama za Usemi katika Hadithi Fupi

Aghalabu sisi walimu hufunza alama za usemi katika kipindi cha sarufi, tunapoushughulikia usemi halisi na usemi wa taarifa. Tukifika kwenye fasihi tunazisahau. Nami nimo.

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha hadithi ya mtahiniwa mmoja. Msimulizi alikuwa msichana, na kisa kilisimuliwa katika nafsi ya kwanza. Katikati paliandikwa hivi: Baba alisema sitarudi nyumbani. Nikaelewa kwamba baba amemfukuza bintiye. Aya mbili baadaye binti yumo jikoni, anampikia mdogo wake uji. Nikaandika pambizoni kuwa ploti inajipinga, nikampunguzia maksi. Aliponijia na karatasi yake ndipo nilipotanabahi alichokusudia:

Baba alisema, "Sitarudi nyumbani."

Aliyeondoka ni baba! Hadithi nzima ilisimama juu ya kuondoka huko, na hakuna neno hata moja lililobadilika. Kiswahili hubeba nafsi ndani ya kitenzi: kiambishi si- kikiwa ndani ya alama za usemi ni cha baba, kikiwa nje ni cha msimulizi. Kwa hivyo koma, alama za kufungua na kufunga, na herufi kubwa inayoanzisha usemi si mapambo. Ndizo zinazotuonyesha mhusika anayesema.

Kila msemaji naye apewe aya yake. Mtahiniwa anayeandika "Baba:" kisha maneno yake amekwisha kuhamia tamthilia. Kuhusu salamu, sioni haja ya kuandika shikamoo na marahaba za ukoo mzima. Hadithi fupi haina nafasi hiyo, isipokuwa pale salamu inapokataliwa.

Jambo jingine ni vielezi. Wanafunzi wetu hupenda kuandika: "Toka!" alisema kwa hasira kali. Alama ya hisi imekwisha kusema hayo. Maneno ya mhusika yakiwa na uzito, hayahitaji mwandishi kuyafafanua.

Msichana yule alilijua hili, ingawa alama zilimponyoka. Katika tukio la jikoni nililolilaumu, mdogo wake anauliza:

"Baba anarudi lini?"

"Kunywa uji kwanza."

Hakuongeza kitu, wala "alijibu kwa huzuni". Maksi za ploti nilizirejesha zote. Za uakifishaji sikuzirejesha.