Aya Moja Uwanjani, Sura Nzima Msahafuni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, tarehe 20 Novemba 2022, katika uwanja wa Al Bayt, mjini Al Khor, nchi ya Qatar, lilifunguliwa Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Lilikuwa la kwanza kufanyika katika nchi ya Kiarabu. Katika sherehe ile alitokea mwigizaji mashuhuri wa Kimarekani, Morgan Freeman, akauliza vipi mataifa mengi na lugha nyingi yanaweza kukaa pamoja. Aliyemjibu ni kijana wa Kiqatari, Ghanim al-Muftah, aliyezaliwa mwaka 2002 na maradhi yaliyomkosesha sehemu ya chini ya mwili wake. Jibu lake lilikuwa aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ambayo inatukumbusha kwamba sote tumetokana na mume na mke, kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele ya Mungu ni mchamungu wetu. Yule mzee akajishusha mpaka chini, wakawa sawa sawa, wakanyoosheana mikono.

Huku kwetu Bukoba na Muleba, sherehe ile ilitazamwa majumbani na katika vibanda umiza, na tangu siku ile rai za watazamaji zimekuwa nyingi kama senene wa Novemba. Kila yanapokaribia mashindano makubwa, picha ile huzungushwa tena katika simu na mabishano huanza upya. Nimezisikiliza rai hizo barazani baada ya Isha, na nimeona ni wajibu kuzipima. Nitazipima kwa sura ile ile iliyosomwa pale uwanjani, kwa sababu televisheni ilituonyesha aya moja tu, ya kumi na tatu, na aya zilizoitangulia zilibaki msahafuni. Ndizo hasa zilizokuwa zikituhusu sisi tuliokaa mbele ya kioo.

Kwanza niseme neno juu ya kule kusoma kwenyewe. Wako waliosema haikufaa Qur'ani kusomwa mahali pa mpira na nyimbo. Hawa si wa kudharauliwa, maana wanaitetea heshima ya maneno ya Mungu, na ni kweli kwamba katika sherehe ile ile waliimba waimbaji, akiwemo Jung Kook wa Korea pamoja na Fahad Al Kubaisi. Lakini tukumbuke kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwafuata watu wa makabila katika masoko yao ya Ukadh, Majanna na Dhul Majaz, mahali pa biashara, mashairi na majigambo, akawalingania huko huko. Neno la haki halingojei watu waje msikitini. Kwa hiyo mimi nasema: kusomwa kwake ni heri, na kuchaguliwa kijana yule asiye na miguu kulikuwa tafsiri nzuri ya aya. Ubaya, kama upo, uko katika jinsi tulivyoipokea.

Tuanze na aya ya sita. Humo tumeamrishwa tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Je, watazamaji wetu walifanya hivyo? Kabla hata mpira haujaanza kupigwa, ulienea uvumi kwamba Qatar imewahonga wachezaji wanane wa Ecuador ili wafungwe. Ecuador ikashinda mabao 2 kwa 0, yote ya Enner Valencia, na waliosambaza uvumi ule hawakuomba radhi. Upande wetu nao ukaenea uvumi wa kutupendeza: ati watu mamia kwa mamia wamesilimu kule viwanjani kwa siku chache. Tukaupeleka kutoka simu hadi simu, tena kwa takbira, wala hapana aliyeuliza nani kahesabu na wapi. Ndugu zangu, habari ya kutufurahisha nayo ni habari. Aya haikusema tuchunguze zile zinazotuchukiza tu. Uislamu ni mkubwa mno kuhitaji kutiwa nguvu kwa uwongo.

Ama aya ya kumi na moja, imetukataza watu kudharau watu wengine, huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Hapa tulikuwa wepesi kuona kosa la wenzetu. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, halikuionyesha sherehe ya Al Khor katika idhaa yake kuu ya televisheni. Lililiweka tangazo hilo katika mtandao wake, na saa ile ile katika idhaa kuu wakawa wanazungumza lawama juu ya Qatar. Waingereza wengi wenyewe hawakupendezwa. Kisha siku ya fainali, tarehe 18 Desemba, Amir wa Qatar, Sheikh Tamim, alipomvika Lionel Messi bishti, wako watangazaji wa Ulaya waliosema vazi lile limeharibu picha. Nyinyi wa pwani mnalijua joho, mnajua huvikwa nani na kwa nini: ni heshima anayopewa bwana harusi na mtu mkubwa. Mgeni akivikwa joho hafungwi kamba, ametukuzwa. Aliyedharau hakulijua, na asingelikosa kulijua kama angeuliza. Basi katika haya tulidharauliwa, na tulisema kweli tuliponung'unika.

Lakini miezi haikuwa mingi, zamu yetu ikafika. Tarehe 26 Julai 2024 ilifunguliwa Olimpiki ya Paris juu ya mto Seine, na katika sherehe ile kukaonyeshwa kundi la wachezaji waliojipanga mezani kwa namna ambayo Wakristo wengi waliiona ni kufanyiwa mzaha karamu ya mwisho ya Nabii Isa (A.S.). Maaskofu wa Ufaransa walilalamika, na waandaaji wakatoa maneno ya kuomba radhi kwa walioumizwa. Al-Azhar ya Misri nayo ilikemea, kwa sababu Isa bin Maryamu ni Mtume mtukufu kwetu sisi, na kumfanyia mzaha ni kutufanyia na sisi. Je, vijana wetu walisema nini? Nasikitika kwamba wako waliocheka. Wakawaambia jirani zao: "Mnaona? Sisi tulifungua kwa Qur'ani, nyinyi mmefungua kwa upuuzi."

Maneno haya ni mabaya popote, na huku kwetu ni mabaya zaidi. Bukoba ni mji uliotoa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, Laurean Rugambwa, mwaka 1960. Katoliki na Kilutheri zimejaa vijijini mwetu kutoka Kemondo hadi Nshamba. Katika koo zetu za Kihaya hapana ukoo usio na Muislamu na Mkristo ndani yake. Shangazi ana rozari, mpwa ana tasbihi, na mgomba wanaokata ndizi ni mmoja. Jirani yako ameumizwa katika jambo la Mtume unayemwamini na wewe, kisha unamcheka! Sherehe ya Paris hakuipanga yeye, kama wewe ambavyo hukuipanga ya Al Khor. Aya ya kujuana ilisomwa, na tulipopewa nafasi ya kujuana tukaitumia kusimangana.

Aya ya kumi na mbili imetuonya tujiepushe na dhana nyingi, maana baadhi ya dhana ni dhambi. Katika mabishano yale, kila aliyetaja habari ya vibarua waliovijenga viwanja alihesabiwa kuwa adui wa Uislamu. Ni kweli wako waliowataja vibarua kwa ajili ya chuki tu. Lakini dhana haiondoi jambo lenyewe. Waliojenga walikuwa maelfu ya watu kutoka Nepal, India, Bangladesh na nchi nyingine, na wengi wao ni Waislamu. Walinzi na watumishi wengine walitoka Kenya na Uganda, majirani zetu. Kiongozi wa kamati ya maandalizi mwenyewe, Hassan al-Thawadi, alipoulizwa mwezi ule wa Novemba juu ya waliokufa, alitaja kati ya 400 na 500. Baadaye kamati ikaeleza kwamba hesabu hiyo ni ya kazi zote nchini na si ya viwanja peke yake. Na tuseme kwa insafu kwamba Qatar ilirekebisha sheria zake. Mwaka 2020 ilimruhusu mfanyakazi kubadilisha mwajiri bila ya idhini ya bwana wake wa kwanza, na mwaka 2021 ikaweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi. Yote mawili ni kweli, na mwenye insafu huyasema yote mawili.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kibarua apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi anayeuliza kama kibarua alilipwa anauliza swali letu, hata akiuliza kwa ulimi wa chuki. Sisi ndio tuliostahiki kuuliza mwanzo. Kamera ya televisheni ilimwonyesha msomaji, ikaonyesha taa na ngamia, wala hukumwona aliyebeba zege. Mtazamaji aonaye sehemu asihukumu kama aliyeona yote.

Sasa tuirudie aya ya kumi na tatu. Baadhi ya wafasiri wametaja kwamba iliteremka siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, pale Bilal (R.A.) alipoamrishwa kupanda juu ya Al-Kaaba kuadhini, na baadhi ya wakubwa wa Kikuraishi wakachukia kumwona mtu mweusi, aliyekuwa mtumwa, mahali pale. Basi tazameni: aya hii inahusiana na adhana. Na hapa ndipo penye jambo la kutuliza sisi watu wa Kagera.

Qatar na sisi saa za ukutani ni moja, lakini jua si moja. Mwezi ule wa Novemba, kule jua lilikuchwa kiasi cha saa kumi na moja kasorobo jioni, na kwetu Bukoba saa moja kasorobo. Michezo ya makundi ilianza saa saba mchana, saa kumi, saa moja usiku na saa nne. Hesabuni wenyewe. Kule Qatar, mpira wa saa kumi ulikuta Alasiri imeingia zamani, na mpira wa saa moja ulikuta Magharibi na Isha zote zimekwisha adhiniwa. Huku kwetu Adhuhuri ilikuwa imetangulia mpira wa saa saba kwa dakika chache tu, Alasiri iliingia pamoja na kipenga cha saa kumi, Magharibi iliingia timu zikijitayarisha kutoka, na Isha mpira ukiwa katikati. Siku ya fainali, baina ya Argentina na Ufaransa, Magharibi ya Bukoba iliingia karibu na mapumziko, na Isha ikaingia katika dakika za nyongeza. Nyinyi wa Mombasa, Tanga na Unguja jua hukuchwa kwenu mapema kwa nusu saa hivi, lakini mtihani ni huo huo.

Ndipo mtu akamwona Ghanim akisoma, akatokwa na machozi, akasema "Allahu Akbar", kisha mwadhini wa mtaani akasema "Allahu Akbar" ile ile, naye asiondoke kitini. Huyu ameipokea aya au ameipokea picha? Aya imesema ubora ni uchamungu, na uchamungu haupimwi kwa kiasi tulichojivunia mbele ya wasiokuwa Waislamu. Hupimwa kwa nani alisimama mwadhini alipoita, na kioo kikiwa bado kinawaka.

Wala sisemi kwamba hapakuwa na mafunzo mema. Wachezaji wa Morocco, timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, walisujudu mbele ya ulimwengu mzima. Achraf Hakimi alimwendea mamake jukwaani akambusu, na baada ya kuishinda Ureno Sofiane Boufal alimleta mamake uwanjani. Hapakuwa na muongozaji wa sherehe aliyewapangia, wala hapakuhitajiwa tangazo. Rai yangu ni kwamba picha hizi ziliusemea Uislamu zaidi kuliko sherehe yote ya ufunguzi, kwa sababu zilikuwa ni amali. Na mzazi aliyeziona pamoja na wanawe alikuwa na darsa tayari mkononi.

Ndugu wasomaji, haya si mambo ya mbali tena. Mwezi wa Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, yaliyofunguliwa katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Na tangu mwaka 2023 nchi hizo tatu zilipewa kuandaa Kombe la Afrika la 2027. Mpira ukija kwetu, sisi ndio tutakaotazamwa. Wataulizwa vibarua wetu kama walilipwa. Wageni watatazama jinsi tunavyowapokea, na jirani zetu wa dini nyingine watatazama kama tunawaheshimu. Tusingojee kijana wa kutusomea aya mbele ya kamera. Tuifungue misahafu yetu sasa, tuisome Suratul Hujurat na watoto wetu, aya zake kumi na nane zote, na kila aya tujiulize: hii mimi nimeipokea vipi?

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wale wasikiao maneno wakafuata yaliyo mema zaidi, uzisafishe ndimi zetu na dharau, na nyoyo zetu na dhana mbaya. Amin. Wabillahi tawfiq.