Hisani ya Nani?

Picha ile niliipiga alfajiri kando ya Ziwa Nakuru, nikaiweka Instagram. Juu flamingo, chini matope, na nyayo za mtu aliyenitangulia. Jina langu niliandika hapo kwenye matope. Juzi nikaikuta kwenye bango la hoteli moja, mwendo mfupi tu kutoka Section 58. Waliponikata jina walikata na matope, na nyayo pia. Wamebaki ndege watupu, kama kalenda ya bure ya duka la hadwea. Wizi tuuweke kando kidogo: wameiharibu picha! Zile nyayo ndizo zilikuwa picha.

Nilipouliza, jamaa akanijibu, "Bosi, si tuliitoa tu Google?"

Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Sawa kabisa. Lakini hiyo inamlinda anayeonekana, na flamingo hawashtaki. Mpiga picha ana Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayoihesabu picha kuwa kazi ya sanaa, ila nauli ya wakili hana.

Kinachoniudhi zaidi ni lile neno la magazeti na blogu zetu: "Picha/Hisani". Hisani ni wema, na mtenda wema hujua ametoa. Hapa hisani ya nani?

Nimerudi kwenye posti zangu za zamani. Nimelikuta neno hilo mara tatu, kwa mkono wangu. Mwenye picha mmoja nimempata, nimemwandikia. Hajajibu.