Nimeuona Ubongo Wangu!

Nimetoka kwenye mashine hata saa moja haijaisha, nywele bado zimelala upande mmoja, na haya siwezi kuyaweka mpaka kesho!

Wengi wetu tunaijua MRI kama mashine ya wagonjwa. Mimi siumwi popote. Nilijitolea, mtu mzima na afya yangu, kwenye utafiti wa kumbukumbu hapa London. Nikavua pete, saa na mkanda, maana sumaku ile ya tesla 3 inaipita nguvu ya sumaku ya dunia zaidi ya mara 30,000. Nikalala chali, kichwa kikavishwa kofia ya plastiki yenye matundu kama kizimba cha kuku, juu ya macho kioo kidogo cha kuonea skrini, mkononi kidude chenye vitufe. Halafu makelele! Inagonga kama fundi wa mabati, inanyamaza, inaanza tena kwa mlio mwingine. Picha zikapita: embe, mwavuli, mlango mwekundu. Baadaye zikarudi zimechanganywa na ngeni, nami nabonyeza: hii niliiona, hii sikuiona.

Na muda wote huo watafiti wananifuatilia! Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni tele, na damu hiyo haiathiri sumaku sawa na ile iliyopungukiwa oksijeni. Mashine inainasa tofauti hiyo, ubongo mzima kwa sekunde 2 hivi, bila sindano wala eksirei. Damu huchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo wanachokiona ni nyayo za wazo, wazo lenyewe limeshapita. Nyayo zinanitosha kabisa!

Mwishoni mtafiti akanigeuzia kompyuta, akanielekezea kwa ncha ya kalamu: hipokampasi yangu, kitu kidogo kilichojikunja ndani kabisa, kimoja kila upande. Bila hivyo viwili, nisingeweza kukusimulia hata leo nimekula nini asubuhi.

Nikakumbuka madereva wa teksi wa mji huu huu. Ili kupata leseni hujifunza mitaa ipatayo 25,000 kwa kichwa, miaka 3 au 4, mvua na baridi. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake waliwapima 16 wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Safi, lakini pengine walizaliwa nayo? Hapo ndipo utafiti wa 2011 unaponipa raha! Maguire na Katherine Woollett waliwapima wanafunzi 79 kabla hawajaiva, wakawasubiri miaka, wakawapima tena. Mwanzoni walikuwa sawa. Mwishoni 39 walikuwa wamefaulu, na ni hao tu ambao sehemu ile ilikuwa imeongezeka. Watu wazima, wenye familia, ubongo umebadilika kwa kusoma ramani! Bei yake ipo: katika kipimo kimoja cha kukumbuka mchoro mpya, waliofaulu walishindwa na wenzao. Hata hilo limenifurahisha, kwa sababu linaonyesha kwamba kinachopimwa ni kitu halisi, chenye faida na hasara zake.

Maguire alifariki mwanzoni mwa 2025, na laiti ningemshukuru kabla.

Kasoro za leo? Shingo ilikakamaa, na pua iliniwasha nikiwa nimekatazwa kutikisika. Basi! Ukisikia chuo kilicho karibu nawe kinatafuta watu wenye afya wa kujitolea, na huna chuma mwilini, nenda ukalale humo. Vaa suruali isiyo na zipu, na uombe kuonyeshwa picha kabla hujaondoka.