Hema Jeupe, Picha Tano

Kuna utanzu mmoja wa uandishi ambao wahakiki wetu hawaugusi, ingawa vijana wengi siku hizi wanauandika kuliko mashairi: fomu ya maombi. Leo nataka tusome moja kwa makini. Ni ile ambayo msanii wa Marekani hujaza akitaka kuuza kazi zake kwenye maonyesho ya mtaani yenye majaji. Ukiisoma vizuri unaona inamtaka msanii wa aina gani, na inamfungia nje yupi.

Kwanza, maonyesho yenyewe. Miji mingi kule hufunga barabara kwa siku mbili tatu, na wachoraji, wafinyanzi, wapiga picha na mafundi wa vito wanasimamisha mahema meupe ya futi 10 kwa 10. Mtu anapita, anashika kikombe, anauliza bei, anaongea na mwenye kukitengeneza. Hakuna galari ya kumkata msanii nusu ya pesa. Ann Arbor, Michigan, wamefanya hivyo tangu 1960. Denver wana Cherry Creek, iliyoanza 1991, ambayo hupokea maombi zaidi ya 2,000 kwa nafasi 250 hivi. Hapo lazima mtu achuje.

Kuchuja kwenyewe ni hivi. Zamani wasanii walituma slaidi kwa posta. Kodak ilipoacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, kuhamia dijitali kukawa lazima, na leo maombi mengi hupitia mfumo wa mtandaoni unaoitwa ZAPP. Unalipa ada, mara nyingi dola 25 hadi 50, na ukikataliwa hairudi. Unapakia picha chache za kazi zako, kwa kawaida tatu hadi tano, pamoja na moja ya kibanda chako. Unaandika sentensi chache za kujieleza. Jina lako halionekani popote. Majaji wanaona picha zako zote kwa pamoja kwenye skrini, wanatoa alama, wanaenda kwa mwingine. Baadhi ya maonyesho hutumia alama 1 hadi 7 lakini yameitoa 4, ili jaji asijifiche katikati. Kwenye duru ya kwanza, kazi ya mwaka mzima inaweza kupewa sekunde chache tu.

Sasa tuitazame hiyo picha ya kibanda, maana ndiyo sehemu ya fomu iliyonivutia zaidi. Ili uingie kwenye maonyesho, unatakiwa uonyeshe picha yako ukiwa tayari kwenye maonyesho. Kwa aliyezoea hilo ni rahisi. Mgeni je? Anasimamisha hema nyuma ya nyumba, anatundika kazi zake ndani, anangoja mawingu yapunguze jua, halafu anaondoa watu wote kwenye picha. Bei haitakiwi kuonekana, na jina pia. Wenye pesa wanamlipa mpiga picha ambaye riziki yake ni kupiga picha za maombi tu. Kinachotumwa mwishowe ni picha ya soko lisilo na mteja wala muuzaji. Tungekuwa tunahakiki riwaya, tungesema mwandishi ametoa kila kitu kinacholifanya soko liwe soko.

Lakini shida kubwa iko kwenye zile picha za kazi. Ushauri ambao waombaji hupewa kila mahali ni kwamba zote zionekane zimetoka mkono mmoja: rangi zinazofanana, ukubwa unaokaribiana, wazo moja. Sababu inaeleweka. Mteja akija Jumamosi akute kile majaji walichokiona kwenye skrini. Ila ebu fikiria mchoraji aliyechora bahari miaka kumi, na mwaka huu ameanza kuchora nyuso. Ana bahari mbili nzuri na nyuso tatu zinazotisha kwa uzuri. Fomu haina mahali pa kuandika "niko katikati ya safari." Atapakia bahari tano, atakubaliwa, na mwaka ujao atachora bahari tena kwa sababu bahari ndiyo inayolipa kodi.

Ukitaka kuona hasara ya hilo, rudi New York. Maonyesho ya Washington Square yalianza mapema miaka ya 1930, wakati uchumi umeanguka na wasanii wanatundika kazi kando ya barabara wapate pesa ya nyumba. Hadithi ambayo maonyesho hayo husimulia kuhusu chanzo chake inamtaja Jackson Pollock, wakati huo hajulikani. Leo pia yana majaji. Chukua kazi alizochora Pollock kijana kisha uziweke kando ya zile za 1947, alipolaza kanvasi sakafuni na kuanza kuimwagia rangi. Kwenye fomu moja zingeonekana ni za watu wawili, na alama zingeshuka.

Ann Arbor nako kuna funzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanafunzi na wasanii vijana walianzisha maonyesho yao huru kando ya yale ya wakubwa. Yalikua, yakapendwa, nafasi zikajaa. Nayo leo yana majaji. Sisemi waliuza imani yao. Nasema waombaji wakishazidi mahema, hata aliyeanza kwa kuvunja lango anajikuta analijenga upya.

Kwa hiyo tufute majaji? Hapana, na jibu langu linatoka hapa kwetu. Tembea Maasai Market, Nairobi. Hakuna anayekuomba picha tano. Lakini meza tatu zinazofuatana zina twiga yuleyule, broka anakuvuta mkono, na mchongaji aliyekaa Tabaka, Kisii, akimeza vumbi la jiwe, hayupo sokoni na hajui sahani yake imeuzwa pesa ngapi. Fomu ya Wamarekani ina sharti moja ambalo ningelibeba lote nilete huku: aliyetengeneza ndiye anayesimama kwenye hema. Si shemeji yake, si ajenti. Hilo sharti linalindwa na majaji, na bila wao bidhaa za kiwandani zingejaa barabara yote kabla ya saa nne asubuhi.

Ninachopinga ni majaji kuulizwa maswali mengi kupita kiasi. Waulizwe mawili: huyu mtu ametengeneza hivi vitu mwenyewe? Anaijua kazi yake? Wanaopita hapo wapigiwe kura, kama vile chama cha akina mama kinavyopanga zamu. Washindi wa mwaka uliopita, ambao mara nyingi hualikwa tena bila kupitia majaji, waingie kwenye kapu hilohilo. Picha ya kibanda itakiwe tu kwa aliyekwisha kupata nafasi. Na mtu aliyekataliwa arudishiwe angalau sehemu ya pesa yake, maana hao 1,750 waliokosa ndio waliosaidia kulipia shughuli ya kuwachuja.

Hili linatuhusu kwa sababu fomu zenyewe zimeshafika. Utakuta wito wa wasanii Nairobi unaotaka picha kadhaa, maelezo mafupi, na kazi "zinazoshikana." Vijana wa miaka 22 wanajifunza kushikana kabla hawajajaribu kitu. Wanaoandaa masoko yetu ya sanaa bado wana nafasi ya kuchagua wachukue nini kwenye fomu hiyo. Wachukue sharti la mtengenezaji kusimama na kazi yake, na zile bahari tano waziache hukohuko.