Vitundu Ndani ya Panga la Turbini

Panga la turbini ya injini ya ndege huenea kiganjani, lakini huzunguka ndani ya gesi yenye joto kupita kiwango cha kuyeyuka kwa aloi iliyoliunda. Linaokolewa na hewa ya kupoza ipitayo katika mifereji myembamba tumboni mwake. Watu huisifu mifereji hiyo, na inastahili. Mimi nawastaajabia zaidi mafundi wa kusubu, wanaopambana na uwazi ambao hakuna aliyeuchora.

Taabu inaanzia hapa: aloi ya nikeli hunywea inapoganda. Tena haigandi kwa mkupuo. Huota matawi madogomadogo, na metali iliyobaki kioevu hupenya kati yake kama maji ya bahari katika mizizi ya mikoko. Matawi yakikaza, njia zinazibika. Kidimbwi kilichonaswa humo nacho kinanywea, hakina pa kuongezewa, kinaacha kitundu chembamba kuliko unywele.

Kitundu hicho hakipunguzi sana nguvu ya panga likivutwa mara moja. Lakini injini huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara, na kila mara mkazo hujikusanya ukingoni mwa kitundu mpaka ufa unaanzia hapo. Kilicho karibu na uso wa panga ndicho cha kuogopwa zaidi.

Basi fundi humimina aloi katika ombwe, ndani ya kalibu ya kauri iliyojengwa juu ya mfano wa nta, kisha huiteremsha kutoka tanurini taratibu, milimita chache kwa dakika. Chini huganda kwanza. Juu hubaki metali ya kushuka kujaza. Katika miaka ya 1960, Francis VerSnyder na wenzake wa Pratt & Whitney, Marekani, waliuendeleza utaratibu huu hadi panga zima likawa fuwele moja. Mipaka ya chembe, ambako nyufa zilipenda kuanzia, ikatoweka. Vitundu vikabaki.

Vilivyofungika ndani hubanwa kwa gesi ya agoni, kwenye joto la karibu nyuzi 1200 za Selsiasi na shinikizo la takriban mara 1000 ya hewa ya kawaida, hadi kuta zake zikutane na kuungana. Chenye mlango nje hakiponi, maana gesi huingia humohumo.

Hata tiba ya joto ya kusawazisha mchanganyiko wa aloi haitaki papara. Joto hupandishwa hatua kwa hatua, kwa saa nyingi, karibu kabisa na kuyeyuka. Hapa ndipo ninapouona ustadi wenyewe, kwa sababu sehemu zilizoganda mwisho ndizo huyeyuka kwanza: fundi akiharakisha, zinayeyuka upya, na panga lililokuwa zima linaota vitundu vingine.