Beti Zisizotoa Amri

Kisa cha kima aliyemwambia papa kuwa moyo wake ameuacha mtini kinajulikana Uswahilini tangu zamani. Edward Steere alikichapa mwaka 1870 katika visa alivyosimuliwa Unguja, na ndani yake mna kisa kingine, cha punda wa dobi aliyeliwa na simba akaambiwa hakuwa na moyo wala masikio. Visa vyote viwili, kimoja tumboni mwa kingine, vimo pia katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti cha India ya kale. Huko anayembeba kima mgongoni ni mamba. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kipahlavi katika karne ya 6, kisha katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Wanyama walivuka salama. Zilizobaki nyuma ni beti.

Panchatantra si nathari tupu. Mnyama akitaka kushauri, kuonya au kulaghai, hukatiza masimulizi akatoa ubeti, na mwenziwe humjibu kwa ubeti. Katika tafsiri beti hizo ziligeuka mawaidha ya kawaida, na mawaidha kila taifa lina yake. Hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa uadilifu wa beti hizi umo katika ufundi wake kama ulivyo katika maana yake.

Ubeti wa namna hii Wahindi huuita subhashita. Unasimama peke yake, na mara nyingi mtunzi wake hajulikani. Bahari iliyozoeleka zaidi, shloka, ina vipande vinne vya mizani nane nane, hesabu ileile ya ubeti wa utenzi wetu. Lakini mshairi wa Kisanskriti hafungwi na vina. Anachopima ni uzito: silabi yenye irabu ndefu, au inayofuatwa na konsonanti mbili, ni nzito, nyingine ni nyepesi. Katika shloka ana nafasi ya kupumua. Katika bahari ndefu kama shardulavikridita hana: kila kipande kina mizani 19, yenye kituo baada ya ya 12, na kila mizani imekwisha kupangiwa uzito wake kabla hajafungua kinywa. Ndani ya masharti hayo anatakiwa aseme jambo la kweli juu ya ubahili, urafiki au kiburi, pasiwe na neno la kujazia. Anayepima maneno yake hivyo hawezi kuropoka.

Na akishapima, haamrishi. Huweka mambo mawili ubavuni, akamwachia msikilizaji hukumu. Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika Hitopadesha, kitabu ambacho Narayana alikitunga kwa kuchota sana katika Panchatantra. Simbamarara mzee amekwisha kuoga, amesimama kando ya bwawa, ameshika majani ya kusha yatumikayo katika ibada, na anawaita wapita njia waje wachukue bangili ya dhahabu iwe sadaka. Msafiri mmoja anasita: nitakuaminije, nawe mla watu? Simbamarara hakatai. Anakiri aliyoyatenda ujanani, anasema mkewe na wanawe wamekufa, kucha na meno vimemwisha, na mcha Mungu mmoja amemwelekeza atoe sadaka. Kisha anaanza kutoa beti, mmoja baada ya mwingine. Mmoja kati ya hizo unatetea kumpa fukara badala ya tajiri, ukimfananisha fukara na mgonjwa, na sadaka na dawa.

Ubeti huo hauna ila. Ni mfupi, unasema kweli, na mwenye busara yeyote angeukariri mbele ya watoto wake. Msafiri anaingia bwawani kuoga kwanza kabla ya kupokea, anakwama matopeni, analiwa.

Ingekuwa rahisi kumpa laghai ubeti mbovu ili msomaji amtambue mapema. Narayana alimpa ulio bora, na kwa hilo namvulia kofia. Ametufunza kuwa neno jema halimdhamini msemaji wake, na hakuhitaji ubeti mwingine wa kulieleza hilo.

Ufundi huohuo uliwafaa pia wanyonge mbele ya wafalme. Kashmir, mwishoni mwa karne ya 9, ilitawaliwa na Shankaravarman. Mwanahistoria Kalhana, aliyeandika katika karne ya 12, anasimulia kuwa enzi hizo washairi kama Bhallata waliishi bila ujira, huku mchukuzi Lavata akilipwa dinara 2,000. Bhallata alitunga beti zinazohusu miti, vito, wadudu na upepo. Katika mmoja anamwonyesha rafiki yake mavumbi, yaliyokuwa yakikanyagwa na kila mguu, jinsi upepo kigeugeu ulivyoyarusha hadi yakakaa juu ya vilele vya milima. Hamtaji mfalme wala Lavata. Mswahili hahitaji kuelezwa. Huku ni kufumba. Mimi dharau yake kwa waliozaliwa chini siipendi, maana kubeba mizigo si aibu. Lakini anayelaumiwa zaidi katika ubeti ule ni upepo, na kumwambia hivyo mwenye enzi kulitaka moyo.

Beti zisizo na kitabu zingepotea kama pasingekuwa na wakusanyaji. Karibu na mwaka 1100, huko Bengal, msomi wa Kibudha Vidyakara alikusanya zaidi ya 1,700. Alianza na sifa za Buddha, kisha akawapa nafasi Shiva na Vishnu, miungu isiyokuwa ya dini yake, kwa sababu beti zao zilikuwa nzuri. Mkusanyo huo ulichapwa mwaka 1957, ukihaririwa na D. D. Kosambi na V. V. Gokhale kutokana na miswada iliyohifadhiwa Tibet na Nepal. Kosambi alikuwa mwanahisabati. Kabla ya hapo, mwaka 1948, alikuwa ametoa beti zinazonasibishwa na mshairi Bhartrihari baada ya kulinganisha mamia ya miswada, akakuta 200 hivi ndizo zinazorudi karibu kila mahali. Mamia mengine yaliingizwa njiani na watu wasiojulikana, waliotunga vizuri kiasi cha kuchanganyika na mwalimu wao na wasidai hata jina. Kosambi alizitenga, lakini hakuzitupa. Alizichapa nazo, katika mafungu yake, kitabu kilekile.